Buibui anaishi mwaka mmoja

Charlotte's Web, kile kitabu cha watoto cha E. B. White, kinaanza na shoka. Msichana wa miaka 8 anaitwa Fern anasaidia mamake kuandaa meza asubuhi, anauliza baba anaenda wapi na hiyo shoka, na mama anamwambia tu, nguruwe alizaa usiku, kamoja kametoka kadogo na kadhaifu, hakatafika mbali, basi baba ameenda kukamaliza. Fern anatoka mbio kwa nyasi mbichi, anaing'ang'ania hiyo shoka, anamuuliza babake kama na yeye angezaliwa mdogo angemuua. Hizo ni kurasa za kwanza kabisa. Bado hujajua jina la nguruwe na tayari mtoto ameuliza swali ambalo sisi wakubwa tunalizunguka mpaka tunazeeka.

Nimekisoma na kijana wangu wa miaka 9, usiku kabla alale, hapa kwetu Umoja, Nairobi. Ni nakala ya inama, zile za kuchagua chini pale barabara ya Tom Mboya, kava imechoka na ndani kuna jina la mtoto mwingine limeandikwa na penseli. Mimi nilikuwa nimekisoma nikiwa shule ya msingi na kitu nilichokumbuka ni kwamba nililia. Saa hii nimekisoma nikiwa mama, na nikiwa nimemzika mamangu, na nimeona kitabu kingine kabisa, na ndio maana naandika hii yote.

Nianze na mazishi kwanza, juu bila hayo hutaelewa kwa nini buibui alinishika hivi.

Ukifiwa Nairobi mtoto anaona kila kitu na haambiwi kitu. Anaona viti vya plastiki vikiletwa kwa ploti, anaona watu wa kanisa wanakuja jioni kuomba na kupanga michango, anaona jina la shosho wake, yaani mamangu, limegeuka kuwa jina la grupu ya watsapu, anaona masufuria ya chai ya watu ambao hawajui, halafu basi la kukodi linakuja alfajiri kabla ya jua linabeba watu kuelekea ushago, na katikati ya hayo yote kila mtu mzima akipita anamshika kichwa na kumwambia kitu chake. Shosho amelala. Shosho amesafiri. Shosho ameenda kupumzika. Kwa basi, tukiwa tumeshapita Thika, kijana akaniegemea akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama amelala mbona tunaenda kumzika?

Nikamwambia amekufa. Nikamwambia moyo umesimama, mwili hausikii baridi wala maumivu, na hatarudi. Shangazi mmoja kiti cha mbele aligeuka akaniangalia na nikajua hajapenda, lakini kijana alitulia. Aliuliza maswali mengine mawili matatu, akalala kweli, yeye sasa.

Ni miezi baadaye ndio tulifungua hiki kitabu, na tukiwa kama katikati akanisimamisha. Charlotte ana miaka ngapi?

Swali zuri kuliko alivyojua. Charlotte ni buibui wa ghalani, wale wanasayansi wanaita Araneus cavaticus, na White alimpa hata hilo jina la pili, anajitambulisha kama Charlotte A. Cavatica. Hawa buibui wanatoka kwa mayai wakati wa machipuo huko Marekani kaskazini, wanakua kiangazi, jike anataga mayai kwenye kifuko cha nyuzi wakati baridi inakaribia, halafu anakufa. Mayai yanalala kwa kifuko msimu wote wa theluji. Kwa hivyo jibu ni kwamba Charlotte hana hata mwaka. Hatakuwa na miaka miwili kamwe. Kijana wangu alishangaa juu kwa kitabu Charlotte ndiye mwenye busara, anaongea kama mtu mzima, anampangia Wilbur, yule nguruwe, maisha, anamwambia ale vizuri na atafune polepole, na kumbe kwa hesabu ya kalenda ni wa juzi tu.

Na Wilbur? Nguruwe akiachwa aishi anaweza kufika miaka 15, hata 20. Lakini nani anamwacha? Nguruwe wa kufugwa kwa nyama anachinjwa akiwa na kama miezi sita. Hapa kwetu ukienda upande wa Kikuyu au Kiambu utawaona, wanalishwa makombo ya hoteli na machicha, wananenepa haraka, na mwenye nao anajua wiki ile atapiga simu ya kuitisha gari. Kwa kitabu anayemwambia Wilbur ukweli ni kondoo mzee. Anamwambia unalishwa hivi juu utachinjwa baridi ikianza, karibu na Krismasi, na wote hapa shambani wanajua. Wilbur anajitupa chini analia kwamba hataki kufa. Watoto wa hapa hawahitaji kuelezwa hiyo sehemu, wengi wao wamewahi kupelekea majani mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba Disemba na wakampa na jina.

Sasa piga hiyo hesabu vizuri. Buibui anakufa baridi ikiingia. Nguruwe anachinjwa baridi ikiingia. Hawa marafiki wawili walikuwa na tarehe moja! Miaka yote hiyo nilidhani ni hadithi ya buibui anayemsaidia nguruwe aliye kwa hatari, na sikuona kwamba yeye mwenyewe amesimama kwa hatari hiyo hiyo, tena yake haina mtu wa kuongea naye. Ya Wilbur iko mikononi mwa mkulima, na mkulima anaweza kubadilishwa mawazo. Ya Charlotte iko ndani ya mwili wake. Na anajua! Buibui anajua kila kitu kuhusu buibui. Anachukua zile wiki chache alizo nazo, zote, anazitumia kusogeza tarehe ya mwenzake, na hamwambii kuhusu yake mpaka imefika.

Hapo ndipo nilifunga kitabu nikamwambia kijana tutaendelea kesho, nikaenda jikoni nikakaa.

Mnajua alivyofanya. Anaandika maneno kwa utando juu ya zizi la Wilbur ili watu waone huyu nguruwe si wa kawaida, na watu wanajaa kutoka kila mahali. Mara nne tu katika kitabu kizima, na neno la mwisho ni la unyenyekevu, analiandika kwenye maonyesho ya kilimo akiwa amechoka kabisa. Maneno mengine yanatoka kwa takataka, panya anaitwa Templeton anatumwa jalalani alete vipande vya magazeti, moja linatoka kwa pakiti ya sabuni ya kufulia. Na kazi yenyewe ni kazi ya usiku. Utando wa buibui wa aina hii una nyuzi kavu zinazotoka katikati kwenda nje, ndizo anatembelea, na nyuzi za kunata zinazozunguka, ndizo zinashika mdudu. White anaeleza hiyo kazi uzi kwa uzi, Charlotte anavyojiambia panda, unganisha, shuka, bana. Hakuna muujiza wa haraka haraka hapo. Mtu anafanya kazi gizani na asubuhi wanaosifiwa ni wengine, juu watu walipoona maneno wote walisema huyu nguruwe ni wa ajabu. Mke wa mkulima peke yake ndiye aliyesema inaonekana buibui ndiye wa ajabu, na hawakumskiza.

Na kabla hujafikiri ni mtakatifu, kumbuka siku ya kwanza Wilbur alimwogopa. Alimwona anafunga nzi na kusikia anavyoeleza kwamba anakunywa damu yao, na Wilbur akajiuliza ni rafiki gani huyu nimepata, mkatili, mjanja. Charlotte hakuomba msamaha. Alimwambia mimi siletewi chakula kwa ndoo, natafuta mwenyewe. Napenda sana kwamba urafiki wao unaanzia hapo kwa kutopendezwa. Hadithi zetu za wanyama, za sungura na fisi, za kima na papa, huwa zinaonya, angalia sana nani unamwita rafiki, papa atakubeba mgongoni vizuri na katikati ya bahari akwambie sultani anataka moyo wako. Ni somo la kweli na mimi nimelitumia maishani. White anasimulia upande ule mwingine, kwamba kuna anayetisha sura na kula damu na ndiye atakayekaa macho usiku kwa ajili yako.

Ingawa hata buibui mwema si mgeni huku. Jirani yetu wa zamani alikuwa mama Mwislamu kutoka Pumwani na ndiye aliyetusimulia watoto wa ploti kisa cha pango la Thaur, vile Mtume alijificha na Abubakar wakati wa hijra, na buibui akafuma utando mlangoni na njiwa wakatengeneza kiota, waliokuwa wakiwafuata wakaona utando wakasema hakuna mtu ameingia hapa. Kwake ilikuwa mwiko kuua buibui ndani ya nyumba. Na ni sura ya buibui, ya 29, inayosema nyumba dhaifu kuliko zote ni nyumba ya buibui. Yote mawili yako pamoja, udhaifu na kuokoa, na mimi sikuwahi kuyaweka pamoja mpaka huyu Charlotte.

Turudi kwa White, juu kuna mambo yake yanaingia hapa. Alizaliwa 1899, akawa mwandishi New York, halafu akahamia shamba lake Maine, kule kaskazini mashariki ya Marekani, akawa anafuga kweli. Mwaka wa 1948 alichapisha insha kuhusu nguruwe wake aliyeugua. Alikuwa amemnunua kwa mpango ule ule wa kila mwaka, kumnenepesha na kumchinja baridi ikija. Nguruwe akaacha kula. White akampa mafuta ya nyonyo, akamwita daktari wa mifugo, akawa anatoka kumwangalia, siku na usiku kadhaa, na nguruwe akafa hata hivyo, akamzika chini ya mti wa tufaha. Mtu ambaye angemchinja yeye mwenyewe baadaye bila kupepesa macho amekonda kwa kumuuguza. Mimi naamini Charlotte's Web imetoka kwa hiyo shimo chini ya mti. Kitabu kilitoka 1952, na ndani yake nguruwe anaokolewa.

Na kulikuwa na buibui pia, wa kweli. White alimwona kwa ghala lake akitengeneza kifuko cha mayai, na siku ya kurudi New York ilipofika akakikata kile kifuko akakiweka kwa kiboksi cha peremende chenye matundu, akakiacha juu ya kabati kwa chumba cha kulala. Wiki kadhaa baadaye vibuibui vikaanza kutoka, vikafuma nyuzi kutoka kwa brashi ya nywele hadi kwa kioo. Aliviacha tu vifanye kazi yao. Kijana wangu alinifanya nirudie hii habari mara nyingi kuliko sura yoyote ya kitabu.

Sasa kuna mstari ambao siwezi kuuruka. Baada ya maonyesho Charlotte hana nguvu ya kurudi nyumbani. Wilbur anabeba kifuko cha mayai kwa mdomo, anapakiwa kwa kreti, anamkonyeza Charlotte kwaheri, na Charlotte anajikaza anampungia mguu mmoja. Kesho yake uwanja unavunjwa, mabanda yanabomolewa, watu wanaondoka, na yeye anakufa. Na White anaandika kwamba katika mamia ya watu waliokuwa wamekuja pale hakuna aliyejua buibui mmoja ndiye alifanya kazi kubwa kuliko wote, na hakuna aliyekuwa naye alipokufa. Mwaka wa 1970 White alikisoma kitabu chote mwenyewe kwa ajili ya kurekodiwa, akiwa mzee wa miaka 70, na mtayarishaji wake Joe Berk alisimulia kwamba alipofika hapo sauti ilikatika, wakarudia, ikakatika, mara 17. Kitabu chake mwenyewe! Alijua mwisho miaka 18.

Mamangu alikufa saa tisa usiku kwa wodi. Sisi tulikuwa tumetoka jioni saa za kuona wagonjwa zilipoisha, tukamwachia uji kwa thamosi na sweta, na asubuhi ndio simu ikalia. Watu wakiniambia pole huwa wanauliza, mlikuwa naye? Wanauliza kwa wema, wanataka kusikia kwamba tulishika mkono. Nilipofika kwa huo mstari nikisomea kijana, sauti yangu ilifanya vile ya White ilifanya, na kijana akanichukua kitabu akasoma yeye. Akasoma mpaka mwisho wa sura polepole na maneno mengine akiyakosea, na hakuniuliza kama niko sawa, aliendelea tu kusoma, na sijui kama kuna mtu amewahi kunifanyia kitu kikubwa hivyo.

Kitu kimoja nilichokipata kwa ile sura na hakuna ibada iliyonipa ni hiki. White haandiki kwamba alikufa peke yake kana kwamba ni aibu, wala halainishi. Hasemi alikuwa na amani, hasemi alitabasamu. Anaweka tu pale, na kabla yake ameshakuonyesha maisha yote ya Charlotte yalivyojaa mtu mwingine. Mamangu alilea watu sita. Saa ya mwisho ni saa moja.

Dadangu tumebishana naye. Yeye anasema mtoto aliyefiwa usimpe hadithi ya kifo tena, mpe ya kuchekesha. Namwelewa, ana wake wadogo, na kuna mtoto kweli ambaye angeumia. Lakini wetu hawa wanaona vifo kila siku, kwa matanga, kwa simu za wazazi wao, paka wa mtaa amekanyagwa na gari na wanamzunguka kumwangalia wakienda shule. Wanachokosa ni mtu wa kukaa nao karibu na hilo jambo polepole, kurasa kwa kurasa, na kitabu kinafanya hiyo kazi vizuri kuliko shangazi wa kwa basi.

Kitu ambacho dadangu na mimi tunakubaliana ni Fern, na hapa nataka kukaa kidogo juu watu wanamchukia bure.

Fern ndiye alishika shoka. Fern alimnyonyesha Wilbur kwa chupa, akampa jina, akawa anakaa kwa kigoda zizini kila siku anaskiza wanyama wakiongea, mpaka mamake akaenda kumuuliza daktari kama mtoto yuko sawa. Daktari akamwambia mpe muda. Na muda ukafika kwenye yale maonyesho, pale kuna lile gurudumu kubwa la kuzungusha watu hewani, na kuna kijana anaitwa Henry Fussy. Wakati Wilbur anapewa zawadi, saa ile hasa, saa ambayo maisha yake yanaokoka, Fern anaomba hela akimbie kwa gurudumu na Henry. Hayuko. Aliyeanzisha yote haoni mwisho. Baada ya hapo haji zizini kama zamani, na White anasema kwa sentensi moja tu kwamba alikuwa anakua.

Kijana wangu alikasirika hapo kuliko alivyokasirika kwa kifo. Alisema Charlotte hakutaka kwenda, Fern alitaka. Nikanyamaza maana ni kweli. Wilbur anapoteza marafiki wawili kwa muda wa siku chache, mmoja amekufa na mwingine amekua, na huyu wa pili hana mazishi, hakuna mtu analetea viti vya plastiki. Nami sioni Fern amekosea. Angekaa kwa kigoda mpaka lini? Mtoto akikua kuna mahali anaacha, na aliyeachwa ni yule aliyekuwa kila kitu kwake. Mamangu aliachwa hivyo nami nikiwa na miaka 13, marafiki wakaanza kuwa watamu kuliko jikoni kwake, na hakunilaumu siku hata moja. Nimemwona kwa Wilbur, amesimama kwa zizi, anafurahia zawadi, anaangalia kama Fern yuko kwa watu.

Hata sisi Wakenya tunayo hadithi kama hiyo, na yetu ilitokea kweli. Mnakumbuka Owen na Mzee? Disemba 2004 mvua ilishusha viboko kwa mto Sabaki mpaka baharini karibu na Malindi, halafu ile tsunami ya tarehe 26 ikapiga, na kesho yake kulikuwa kumebaki ndama mmoja wa kiboko amekwama kwa miamba bila mamake. Watu wa Malindi walihangaika na nyavu za kuvulia samaki mpaka wakamtoa, akapewa jina la mmoja wa wale waliomkamata. Akapelekwa Haller Park kule Bamburi, Mombasa, ile mahali ilikuwa shimo tupu la machimbo ya simiti mpaka Rene Haller akaanza kupanda mivinje 1971. Owen alikuwa na kilo kama 300 na bado ni mtoto. Akifunguliwa tu akakimbia kujificha nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra anayeitwa Mzee, ambaye alikadiriwa miaka 130. Kobe akampulizia kwa hasira akajivuta mbali. Ndama akamfuata. Akajivuta tena, akafuatwa tena. Baada ya siku kadhaa walikuwa wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanaingia majini pamoja. Picha zilizunguka dunia nzima, na Paula Kahumbu, aliyekuwa anasimamia hiyo mbuga, akashirikiana na baba na binti wa Kimarekani, wakina Hatkoff, kuandika kitabu cha watoto kikatoka 2006.

Sehemu ambayo haikuzunguka dunia ni ile ya baadaye. Owen alikua. Kiboko akikua anapita tani, na mchezo wake wa kusukumana na kuuma uma ukawa hatari kwa mzee wa watu, tena alikuwa amejifunza mambo ya kobe kuliko ya kiboko. Ikabidi watenganishwe, Owen akawekwa na kiboko jike anaitwa Cleo. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyegombana. Mmoja alikuwa amekuwa mkubwa sana kulala pale alipokuwa analala.

Nilimwonyesha kijana hizo picha kwa simu na akauliza kama kawaida yake, nani angekufa kwanza? Nikamwambia kiboko huishi miaka 40 hadi 50, kobe wa aina hiyo hupita mia na zaidi, lakini huyu alikuwa ameshazitumia nyingi. Ikawa ngumu kujibu! Hapo ndio nikaona kinachofanya wanyama wafae sana kwa hili jambo. Ukiandika juu ya watoto wawili, utasema watazeeka pamoja na msomaji ataamini. Buibui na nguruwe hawawezi, kiboko na kobe hawawezi, miaka yao imekatwa tofauti tangu kuzaliwa na kila mtu anaona. Wanapendana wakijua, au sisi tunajua kwa niaba yao. Na nyumba yoyote yenye shosho na mjukuu iko hivyo hivyo.

Mamangu alikuwa na ya kwake ya wanyama kuhusu kifo, ile ya kinyonga, inasimuliwa na Wakamba na wengine wengi mpaka Wazulu huko kusini. Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu hawatakufa milele, kinyonga akatembea polepole, akafika akaanza kugugumia, na ndege akafika na ujumbe mwingine akausema mara moja, watu watakufa. Akimaliza sisi tulikuwa tunamkasirikia kinyonga. Yeye alikuwa anasema, lakini alikuwa njiani, anakuja.

Tulipofika sura ya mwisho, vibuibui 514 vilikuwa vimetoka kwa kifuko. Vinatoa uzi hewani na upepo unavibeba, vinapunga kwaheri, na Wilbur analia tena anadhani ameachwa, halafu anagundua vitatu vimebaki, Joy, Aranea na Nellie. Mwaka ujao wanakufa hao, wanabaki watoto wao, na watoto wa watoto. Wilbur anawapenda wote na White anasema hakuna aliyechukua nafasi ya Charlotte. Nilifurahi sana alisema hivyo. Mtu ameniambia zaidi ya mara moja kwamba nina watoto, mamangu yuko ndani yao. Wako, na hayuko.

Kijana akatoa daftari la hesabu akaanza kutuandika sote. Mimi 38, yeye 9. Akaniambia nikifika miaka yako wewe utakuwa 67. Akaangalia hiyo namba. Akasema si mingi si michache. Halafu akaandika shosho, akaandika 71, akapiga mstari chini, na nikangoja aseme kitu.

Aliuliza, na panya je?

Tukarudi kurasa za mwisho kumtafuta Templeton, maana panya huishi kama miaka miwili hivi na hapo kwa kitabu miaka inapita tu. Yuko. Wilbur alikuwa amemwahidi, ili akubali kupanda juu kushusha kile kifuko cha mayai, kwamba kila mlo panya atakula kwanza, na ahadi ameitimiza. Templeton amekula mpaka amekuwa mnene kuliko panya yeyote, na kondoo mzee anamshauri apunguze ili aishi zaidi, naye anajibu nani anataka kuishi milele. Kijana alicheka mpaka akaamsha mdogo wake, na ikabidi tumsomee naye hiyo kurasa, na tukianza akasema hapana, anzeni mwanzo, pale kwa shoka.